Wakulima wa mwani wafundishwe kuogelea kwanza

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limekuwa likizungumzwa nusu nusu kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni huu ushauri wanaopewa wakulima wa mwani wa visiwa vyetu, kwamba wayahamishe mashamba yao kutoka pwani wanakofika kwa miguu wayapeleke kwenye maji ya kina. Ushauri huo ni mzuri na mimi siupingi hata kidogo. Ninachouliza ni kimoja tu: hawa kina mama tunaowahimiza waende huko, nani amewafundisha kuogelea?

Kwa faida ya wasomaji wa bara ambao labda hawakijui kilimo hiki, nieleze kidogo. Mwani tunaoulima si ule unaojiotea wenyewe juu ya mawe. Mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki ya Unguja, baada ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameuanza tangu miaka ya 1970. Leo watu zaidi ya 20,000 wa Unguja na Pemba wanaishi kwa kazi hiyo, na walio wengi kabisa ni wanawake. Mkulima hukita vigingi mchangani, akafunga kamba kati ya kigingi na kigingi, kisha akaning'iniza vipande vya mbegu kwenye kamba hiyo kwa vikamba vidogo. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akaanika, akauza. Huko unakokwenda, mwani hutolewa utomvu wa kugandisha vitu ambao hutiwa katika dawa za meno, vipodozi na hata vyakula. Fedha iliyojenga nyumba nyingi za mawe katika vijiji vya pwani, na iliyosomesha watoto wengi, imetoka humo.

Sasa wasomaji naomba wazingatie jambo moja. Kwa miaka yote hiyo mkulima wa mwani hakuhitaji kujua kuogelea, kwa sababu alikuwa na mlinzi wake, naye ni kalenda ya maji. Bamvua likifika, maji yakapwa sana, mama hushuka pwani, akafanya kazi maji yakiwa ya magoti au ya kiuno, na yakianza kujaa hupanda na mzigo wake. Maji mafu yakiingia hukaa nyumbani akasuka kamba au akaanika. Hakuna afisa aliyemfundisha hayo, aliyapata kwa mama yake na bibi yake waliokuwa wakishuka pwani kuokota chaza na kuvua pweza. Elimu hiyo ilitosha kwa kazi hiyo, na ndiyo maana tumekwenda zaidi ya miaka 30 bila ya mtu yeyote kuuliza habari za kuogelea.

Bahari yenyewe ndiyo iliyobadilika. Mwani uko wa aina mbili kubwa, spinosum na kotonii. Kotonii ndio wenye bei nzuri, lakini ndio dhaifu zaidi. Maji ya kina kifupi yakipigwa na jua la mchana yakapita nyuzi 30, kotonii huugua, hugeuka mweupe kama uliomwagiwa maji ya moto, hukatika na kuchukuliwa na mawimbi. Mahali pengi mashamba ya kotonii yamekufa kabisa, kina mama wakabaki na spinosum ambao bei yake ni ya kusikitisha. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoko hapa Unguja, hawakukaa kimya. Dkt. Flower Msuya na wenzake walikwenda kwa wakulima wenyewe, wakapima joto la maji, wakaangalia maradhi ya mwani, kisha wakajaribu njia ya kuulima penye kina, ambako maji hayapati joto kali. Mwani hutiwa ndani ya vyavu virefu vya mfano wa soksi, vikafungwa kwenye kamba zenye nanga na maboya, ili mkondo usiukate. Hiyo ni kazi ya kupongezwa. Tumezoea kulalamika kwamba wasomi wetu hujifungia ofisini na kuandika vitabu vya kuwekwa kabatini, kumbe hawa waliingia majini.

Lakini shamba likihamia penye kina, yule mlinzi niliyemtaja hana kazi tena. Huko hakufikiwi kwa miguu hata kwenye bamvua kubwa. Mkulima hupanda ngalawa au boti ya faiba, na katika miaka ya karibuni Serikali imegawa boti nyingi kwa wavuvi na wakulima wa mwani chini ya mpango wa Uchumi wa Buluu. Anafika shambani, anainamia nje ya boti kuvuta kamba iliyolowa yenye uzito wa kutisha, wenzake wanne wako upande huo huo wanamsaidia, boti inalala. Hapo hapana mchanga wa kukanyaga. Mwanamke huyo ana kanga mbili mwilini, na kanga ikilowa huivaa miguu kama pingu.

Hata pale penye kina cha kati, ambako mtu husimama maji yakipwa, hesabu yake si ndogo. Pwani yetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Maji hujaa kwa muda wa saa 6 hivi, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda taratibu mno, mtu akadhani bado ana wakati. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazokimbia, kwani nusu nzima ya maji yote hujaa katika saa hizo mbili. Maana yake ni mita 2 kwa saa mbili, yaani aliyekuwa na maji ya kiuno akiendelea kufunga kamba zake, kabla ya saa moja kwisha yamemfika kidevuni. Mabaharia wanaifahamu hesabu hii na vyuo vya bahari wanaifundisha. Sijaona ikiandikwa ukutani katika kituo chochote cha kupimia mwani nilichopita, ingawa kuandika hivyo ni kazi ya brashi moja na kopo la rangi.

Najua kuna watakaonijibu kwamba watu wa pwani hawafundishwi kuogelea, wanazaliwa wanajua. Maneno hayo ni ya kweli kwa nusu ya watu tu. Mtoto wa kiume hutoroka skuli akaenda kuruka majini na wenziwe, akifika miaka 10 anaogelea kama samaki. Dada yake wa tumbo moja yuko nyumbani anachota maji na kulea mdogo wake, na akionekana majini huambiwa hana adabu. Kwa hiyo katika nyumba moja, hatua mia kutoka baharini, utamkuta kijana anayezamia na mama yake ambaye maji yakimfika kifuani anapiga kelele. Ni mama huyo ndiye tunayemwambia sasa ahamie kwenye kilindi.

Wengine watasema kwamba kumfundisha mwanamke kuogelea ni kinyume cha heshima yetu. Nawaheshimu wenye mawazo hayo, lakini naomba waangalie yaliyokwisha kufanyika hapa hapa kwetu. Kule Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima pamoja na kichwa, na picha zao zikapata tuzo ya kimataifa ya World Press Photo mwaka 2018. Ulimwengu umewaona na hakuna aliyevunjiwa heshima. Hapa Jambiani wako kina mama wanaolima sponji, zile sifongo za kuogea zinazouzwa mahotelini. Kwa kuwa sponji haziwezi kukaa pakavu, kina mama hao ilibidi wafundishwe kuogelea kabla ya kupewa mashamba. Walifundishwa, wakajua, na leo wanashuka majini na miwani ya kuzamia machoni, watu wazima wenye wajukuu. Basi ikiwa wakulima wachache wa sponji wameweza, ni sababu gani inayowazuia maelfu ya wakulima wa mwani? Kwa mawazo yangu hapana sababu isipokuwa kwamba kule aliyeleta kilimo alihesabu kuogelea kuwa ni sehemu ya kilimo, na huku kwenye mwani tunahesabu kamba, vyavu na maboya tu.

Nikisema kuogelea sina maana ya mashindano. Mama wa miaka 50 hahitaji kujua kwenda mbio majini. Anahitaji kwanza kuacha hofu, kwani anayezama hupoteza nguvu zake zote katika dakika ya mwanzo kwa kupigapiga maji akijaribu kupanda juu kama anapanda ngazi. Ajifunze kulala chali na kuelea, uso juu, kifua kimejaa pumzi. Hilo laweza kufundishwa katika maji ya kiuno, maji yaliyotulia, na mwalimu mwanamke, kwa siku chache. Kisha ajifunze kutoka majini na kupanda botini bila ya kuipindua, jambo ambalo hata wanaume wengi hawaliwezi. Ajue kwamba boti ikipinduka asiiache akajitia kwenda ufukweni kwa sababu ufukwe unaonekana karibu. Boti ya mbao au ya faiba iliyotengenezwa vizuri huelea hata ikijaa maji, na anayeokoa huiona boti kabla ya kukiona kichwa cha mtu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri humweka mtu mzima juu ya maji, na dumu kila nyumba inalo. Nimetaja dumu kwa makusudi, maana jaketi za kujiokolea tunazozisikia kwenye sherehe za kukabidhi boti mara nyingi nimeziona zimening'inizwa ukutani zingali na nailoni zake. Kina mama wanasema ni za joto na zinawazuia kuinama. Badala ya kuwalaumu, watafutiwe zile nyembamba zinazomwacha mtu afanye kazi.

Liko jingine ambalo halihitaji fedha. Mwenzako akizama usimrukie ikiwa hujafundishwa kuokoa, maana atakukumbatia mzame wote wawili. Mrushie kamba au dumu, mnyooshee kasia. Na akitolewa majini akiwa hapumui, ile desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumminya tumbo ili atapike maji haisaidii, inapoteza dakika ambazo ndizo uhai wenyewe. Aliyezama amekosa hewa, basi apewe hewa: alazwe chali, kichwa kiinuliwe nyuma, apuliziwe pumzi mdomoni, kisha abonyezwe kifua, na apuliziwe tena, bila kukoma mpaka msaada ufike. Wauguzi wa vituo vyetu vya afya wanajua kufanya hivyo. Jioni moja tu ya kuwakusanya wakulima barazani na kuwaonyesha ingetosha kwa kuanzia.

Ndugu Mhariri, nchi yetu imewahi kulia kwa ajili ya bahari. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, na mamia ya ndugu zetu wakafa. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Baada ya misiba ile tulizungumza sana juu ya idadi ya abiria, ukaguzi wa meli na majaketi, na ilikuwa haki tuzungumze. Baharia wa meli kubwa haruhusiwi kupanda kazini bila ya cheti cha mafunzo ya kujiokoa, ndivyo unavyotaka mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 ambao nchi yetu inaufuata, na vijana wetu wanakwenda Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kukitafuta. Mama wa boti ya mwani naye anafanya kazi baharini, lakini yeye hatakiwi cheti wala hakuna chuo kinachomwita. Mashine yake ni mikono yake na meli yake ina urefu wa mita chache. Akizama peke yake asubuhi moja haundiwi tume, na gazeti likipata habari huandika mistari minne. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2024 likieleza kwamba watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama ulimwenguni katika mwaka 2021. Wengi katika hesabu kama hiyo hawafi katika meli zenye majina, wanakufa mmoja mmoja karibu na makwao.

Niseme kidogo juu ya hali ya hewa, kwani hilo nalo limefungamana na haya. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari kila siku, kwa Kiswahili, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja upande wa Mafia tulitangaziwa mapema na safari za baharini zikasimamishwa. Hapo tulifanya vizuri. Taabu ni siku za kawaida za kusi. Redio inasema mawimbi yatafika mita 2 na upepo kilomita 40 kwa saa. Nahodha wa meli anajua la kufanya. Mkulima aliyeko ndani ya boti ya wanawake sita afahamu nini? Mtaalamu angeongeza sentensi moja tu, kwamba leo boti za chini ya urefu fulani zisitoke nje ya mwamba, au kwamba zitoke asubuhi na zirudi kabla ya adhuhuri, utabiri wake ungekuwa umefika pwani. Bila ya sentensi hiyo unaishia redioni.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Kila mradi unaotoa boti, vyavu au mbegu za kulima maji ya kina, uwe wa Serikali au wa wafadhili, utenge fedha za mafunzo ya majini katika bajeti ile ile, na boti isikabidhiwe kikundi mpaka wanaoipanda wameelea mbele ya mwalimu. Walimu hawana haja ya kuagizwa ng'ambo. Vijana wa KMKM wanajua kuogelea na kuokoa, na katika vikosi vyetu wamo akina dada ambao wangeweza kufundishwa wawe walimu wa wenzao. Wako pia wale kina mama wa sponji, ambao mwanafunzi atawaamini upesi kuliko afande yeyote, kwa kuwa nao walianza na hofu ile ile. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari nao, wanapokuja kutuonyesha mahali panapofaa kwa mwani, watuonyeshe na mkondo wa mahali hapo unakimbilia wapi maji yakitoka, maana wao wanaupima na sisi tunaukisia. Skuli za pwani nazo zisisahauliwe. Msichana wa darasa la nne leo ndiye atakayekuwa kwenye boti ya mwani baada ya miaka 10, na kumfundisha sasa ni rahisi mara kumi.

Jambo la mwisho ni la kumbukumbu. Vifo na ajali za wakulima wa mwani viandikwe mbali, katika kila shehia, visichanganywe na vya wavuvi. Sheha anaweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari moja. Hivi sasa mtu akiuliza ni wanawake wangapi wamezama tangu mashamba yaanze kuhamia penye kina, sidhani kama iko ofisi inayoweza kumjibu siku hiyo hiyo.

Naiomba Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi itujibu kupitia ukurasa huu: katika mafunzo wanayopewa wakulima kabla ya kukabidhiwa boti, ni siku ngapi zinafanyika darasani, na ni siku ngapi zinafanyika ndani ya maji?



Msomaji wako,
Jambiani, Unguja.